Mjukuu wa Kitanda cha Tisa

Ilianza Jumatano, saa nane na dakika ishirini mchana, na ilianza kwa harufu. Saa naijua vizuri kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wodi ya wanawake, mkabala na saa ya ukutani, nikisubiri Mama, muuguzi wa wodi ile, amalize kula ili nirudi nyumbani na vyombo. Harufu ikaingia mlangoni kabla ya watu wenyewe: matope ya mtaroni, nyanya zilizooza, na damu. Mpaka leo nikipita sokoni mvua ikiisha kunyesha, harufu hiyo ikinikuta, uso unaniwaka moto. Msidhani ni kinyaa. Ni hasira. Nina miaka kumi na saba sasa, wakati ule nilikuwa na kumi na mmoja, na hasira ile nimekua nayo kama watu wanavyokua na kovu.

Ninawaandikia ninyi kwa sababu kusema siwezi. Mimi nikiitwa kusimama darasani, sauti inakwenda mahali inajificha. Kwenye daftari ndiyo ninaongea.

Basi, walioingia na harufu hiyo walikuwa wanaume wawili wa soko la kwetu Namuwongo, wanasukuma wilbaro. Ndani ya wilbaro alikuwa bibi mzee, mwembamba, amefunikwa gunia, mguu wake mmoja umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

"Tumeokota huyu kwenye mutaro, karibu na reli," mmoja akasema. "Mguu imekatika huku juu."

Wakamlaza chini sakafuni, tena kwa upole, sitawasingizia, wakachukua wilbaro yao wakaondoka. Bibi hakulia. Alikuwa anaangalia dari, midomo inacheza, anasoma dua zake.

Sasa lazima niwaeleze jinsi hospitali ile ilivyokuwa, hasa ninyi ambao hamjawahi kulaza mtu. Jina lake naliacha. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, serikali mpya bado inapanga mambo yake, na kwenye wodi yenye vitanda arobaini kulikuwa na wauguzi wawili, siku mbaya mmoja. Kwa hiyo kila mgonjwa alikuja na mtu wake. Waganda humwita mujanjabi. Mujanjabi ndiye anayekuosha, anayekulisha, anayekutolea choo, anayefua mashuka uliyokuja nayo na kuyaanika kwenye majani, anayekupikia kwenye sigiri kule uani, na anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda chako. Muuguzi anakuchoma sindano, anafunga kidonda, anakwenda kwa mwingine. Ukiwa na mtu, unaishi. Ukiwa huna, kulikuwa na sheria, na sheria hiyo ilikuwa haijaandikwa popote lakini kila mtu aliijua: asiye na mujanjabi hapewi kitanda.

Sista mkuu wa wodi alikuwa Sista Perusi. Alikuwa amehamishiwa pale wiki moja tu kabla, mwanamke mrefu, msafi kupita kiasi, viatu vyake havipigi kelele. Kwa wagonjwa aliongea Kiganda, kwa madaktari Kiingereza. Kiswahili alikitoa akiwa amekasirika tu. Watu wengi wa mjini walikuwa hivyo, kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi wa vizuizi vya barabarani, lugha ya kuambiwa lala chini. Sisi nyumbani ndiyo lugha tuliyonayo, maana Mama ni Mluhya wa Bungoma na Baba ni Mjaluo, lakini pale wodini nilijifunza kwamba ukisikia Kiswahili cha Sista, ujue kuna mtu anaumia.

"Nani nakuja na huyu mama?" akauliza.

Akatazama mlangoni, wilbaro ilikuwa imeshaondoka.

"Mujanjabi yake iko wapi? Mama, watu yako wapi?"

Bibi akamgeuzia macho. "Watoto yangu walibaki Juba," akasema. "Tulikimbia vita ya kwanza, mimi nikarudi. Wao hawakurudi."

"Basi akae veranda mpaka mtu yake napatikana."

Mama yangu alikuwa ameshasimama, bado ana punje ya wali kwenye kidole. Alikuwa muuguzi pale kwa miaka tisa. Alimwangalia bibi, akauangalia ule mguu, halafu akageuka akaniangalia mimi pale benchini. Jamani, ninyi mmewahi kuangaliwa na mama yenu namna hiyo? Kama mtu anayepapasa mfukoni akijua amebakiwa na sarafu moja?

"Mtu wake yupo, Sista," akasema. "Mjukuu wake huyo hapo."

Sista akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye ndala zangu. Hakushangaa kuona mtoto. Miaka ile watoto wengi waliacha shule kuwa waangalizi wa baba zao na mama zao, wodi zilikuwa zimejaa watoto wanaojua kupika uji kuliko kusoma. "Aandikwe," akasema, akapita.

Mama akaandika mwenyewe kwenye kitabu cha wodi. Kitanda cha tisa. Mgonjwa: Halima Rajabu. Mujanjabi: Nekesa. Uhusiano: mjukuu. Mimi nilisimama nyuma yake, nikamvuta gauni.

"Mama. Na Bungoma?"

Kwa maana keshokutwa yake, Ijumaa, nilikuwa nipande basi niende kwa bibi yangu halisi, mama yake Mama, likizo nzima. Nilikuwa nimeshafungasha. Nguo zangu zilikuwa kwenye mfuko tangu Jumapili, nilikuwa navaa gauni moja tu ili nyingine zisitoke mfukoni.

"Bungoma haihami," akasema Mama. "Kalete beseni."

Hivyo ndivyo nilivyopewa bibi.

*

Nitasema ukweli ambao si mzuri. Wiki ya kwanza nilimchukia. Nilimchukia kwa harufu yake, kwa choo chake, kwa nywele zake zilizojaa matope ambazo nilizifumua uzi mmoja mmoja. Mguu wake walikuwa wameufunga plasta ndefu na kamba, kamba ikapita kwenye kigurudumu miguuni pa kitanda, mwishoni wakaning'iniza mfuko wa mchanga. Ule mchanga uliuvuta mguu usiku na mchana ili mifupa ikutane. Wiki nane, daktari alisema, labda tisa. Kamba ikitolewa kabla, mguu utashika vibaya au hautashika kabisa, na bibi atatambaa mpaka siku yake ya mwisho. Nilikuwa naukodolea macho ule mfuko wa mchanga, nasema moyoni, wewe ndiye umeninyima Bungoma.

Na Mama nilimchukia zaidi. Watu wana picha yao ya muuguzi mwenye huruma. Anatabasamu, anashika mkono wa mgonjwa, sauti yake laini. Mama hakuwa hivyo hata kidogo. Wodini alikuwa na uso wa mtu anayehesabu kitu kichwani na hataki kukatizwa. Aliongea kwa kifupi. Wagonjwa wapya walimwogopa. Nyumbani alirudi ameisha, anakaa kwenye kiti cha mlangoni, anavua viatu, na ukimwuliza swali anakujibu baada ya muda mrefu kama simu ya mbali. Nilikuwa nasema, huruma gani hii, ambayo kwangu haifiki?

Lakini alinifundisha. Alikuwa anapita kitanda cha tisa kwa dakika mbili, tatu, ananionyesha, anaondoka.

"Usimwulize kama anaumwa. Anaumwa. Mwulize wapi."

"Maji yapime kwa kiwiko, vidole vyako vimezoea sigiri."

"Kisigino kisiguse godoro. Ona, hapa, weka kitambaa."

Na kile nilichokuja kukielewa baadaye sana: alinionyesha jinsi ya kumwosha mtu mzima bila kumvua. Unatandaza kanga juu ya shuka kwanza. Halafu unalivuta shuka kutoka chini ya kanga, polepole, mgonjwa mwenyewe akiwa ameshika kanga kwa juu. Hakuna hata nukta moja anayobaki wazi. Unaosha mkono huu, unaufunika, ndipo unakwenda kwa mkono ule. Mimi niliona ni kazi ya kupoteza wakati. Nikamwambia Mama, hapa wote ni wanawake, na yeye ni mzee, nani anamtazama?

"Wewe," akasema.

Kwenye kitanda cha kumi alikuwa msichana aliyevunjika mkono, na mama yake ndiye mujanjabi wake, mwanamke mnene aliyezaa mapacha na kwa hiyo kila mtu alimwita Nalongo. Nalongo alikuwa redio ya wodi. Alinitania tangu siku ya kwanza.

"Eh, ka-musawo! Leo umeamka bila mdomo tena?" Musawo ni jina wanaloitwa wauguzi na madaktari wote pale, na mimi alinipa lile dogo lake. "Halima, wewe umezaa mjukuu gani huyu? Anaongea na ukuta tu."

"Mwache," bibi akamjibu. "Wanaoongea tunaye wewe, inatosha."

Bibi mwenyewe alinikataza kumwita Bibi. "Niite Habuba. Sisi Wanubi ndivyo mjukuu anaita." Nikaanza kumwita Habuba mbele ya Sista ili uongo wetu upendeze, kisha nikamwita hata Sista asipokuwepo. Alinihadithia jinsi babu yake alivyoletwa na Waingereza kutoka Sudan akiwa askari, mke nyuma yake na sufuria kichwani. Alinifundisha kusuka mkeka wa rangi kwa vidole vitatu. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii, ukikaa upande huo anakujibu mambo mengine kabisa, na mimi nikawa nakaa huko makusudi nikitaka kucheka.

Kulikuwa na jambo moja la chakula. Kwetu ni Wakatoliki, na kwetu chakula hakiguswi kabla ya ishara ya msalaba. Mkono wangu ulikuwa unafanya wenyewe. Kila mara nikishika kijiko cha kumlisha Habuba, mkono kwenye paji, kifuani, bega, bega, kisha kijiko. Siku ya kwanza nilipogundua nimeifanya juu ya uji wa Mwislamu nilitaka kuzama chini ya kitanda.

"Omba tu, mama," akasema. "Mimi natia bismillahi yangu, wewe tia yako. Uji ni moja."

Ikawa hivyo kila mlo. Hakuna aliyetujali.

*

Jumanne ya wiki ya pili, saa saba mchana, Sista Perusi alikuwa anapita kati ya vitanda na viatu vyake visivyo na sauti. Mimi nilikuwa nimempa mgongo. Nikafanya msalaba, nikainua kijiko.

"Wewe. Mukono nafanya nini?"

Kijiko kikaganda hewani. Habuba, kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake, akasema, "Ananifukuzia nzi, Sista."

"Nzi nafukuzwa na musalaba?"

Wodi ikacheka. Nalongo alicheka mpaka akajipiga paja. Sista hakucheka. Alikwenda mezani, akarudi na kitabu, akakifungua kwenye kitanda cha tisa, akaweka kidole.

"Nekesa. Hii ni jina ya Wanubi?" Akaniinamia. Alinukia sabuni ya kuogea, ya bei. "Huyu mama ni nani yako? Sema ukweri."

Mama alikuwa upande wa pili wa wodi na toroli ya dawa. Alikuwa amesimama. Nilimtazama nikingoja anifanyie ishara, jicho, kidole, chochote. Hakufanya kitu. Aliniacha na jibu langu.

Hapa ndipo nataka mniamini, kwa sababu ningeweza kuwadanganya. Ningeweza kusema niliogopa. Niliogopa, ndiyo, lakini si hiyo. Neno "Habuba" lilikuwa tayari mdomoni. Ila juu yake likaja basi la Bungoma, likaja lile jicho la pale benchini, zikaja jioni zote za Mama asiyenijibu, na nikaona hii hapa nafasi ya kurudishiwa mama yangu. Nikasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa darasani, kila kitanda kikasikia:

"Simjui. Mama ndiye alisema nikae."

Hakuna aliyecheka tena. Habuba aligeuza uso kwa upande wa ukuta. Nilikuwa nimekaa upande wake wa kulia, ule unaosikia.

Sista hakupiga kelele. Alimwita Mama mbele ya wodi nzima, na hilo ndilo lililoniingia kama mwiba, kwa nini mbele ya wote? Akamwambia ameandika uongo kwenye kitabu cha hospitali. Akamwambia kuanzia kesho hagusi mgonjwa, atakwenda stoo ya mashuka. Na kitanda cha tisa, kesho baada ya daktari kupita, kamba ifunguliwe, mgonjwa apelekwe veranda, kitanda kisafishwe.

"Sista," Mama akasema, "mguu haujashika."

"Kwani ni mimi nauvunja?" Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, karibu ya kuchoka: "Mtu bila mtu naoza kwenye kitanda, Musawo. Mimi nimeona. Naoza, nakufa, halafu watu nasema manesi naua. Wewe moja utaosha wangapi?"

Mama hakujibu. Na mimi kwa miaka nimekuwa nalijibu swali hilo kwa niaba yake, nikiwa bafuni, nikiwa njiani kwenda shule. Mmoja, Sista! Angeosha mmoja. Alikuwa amekwisha pata njia ya mmoja, na njia hiyo ilikuwa mimi, na wewe ukaifunga kwa sababu ya ishara ya msalaba juu ya uji.

*

Jioni ile tulitembea kando ya reli kurudi nyumbani. Jua lilikuwa bado lipo. Mama akawasha jiko, akabandika maharagwe, akafua sare yake, akaianika, kama siku yoyote. Mimi nilikaa karibu na mlango nikisubiri kipigo. Kilipochelewa nikauliza mwenyewe.

"Mama, utanipiga?"

"Nikupige kwa nini? Umesema ukweli."

Afadhali angenipiga. Akakoroga maharagwe. Kisha akaniuliza, bila kunigeukia:

"Leo mchana mgongo wake ulikuwaje?"

Na mimi nikajibu palepale, sikuhitaji kufikiri. "Kuna wekundu. Chini kabisa, kushoto. Kama kizibo cha soda."

"Jana ulikuwepo?"

"Haukuwepo."

"Ukibonyeza unaondoka?"

"Unaondoka, halafu unarudi."

Mama akaweka mwiko chini. Alifumba macho kwa muda, kama mtu aliyeguswa mahali panapouma. Hakulia, Mama si mtu wa kulia. Alisema tu, "Basi kidonda bado kinaweza kuzuiwa," akaendelea kupika. Mimi ndiye niliyelia, kwenye mkeka, uso nimeufunika na ule mfuko wa nguo za Bungoma. Kwa sababu nilikuwa nimetoka kumwambia Sista simjui.

Nawaambia mapema ili msihangaike: Habuba alitembea. Kwa fimbo, kidogo anachechemea, lakini kwa miguu yake alirudi Namuwongo, na alikuja nyumbani kwetu Idi mbili na sahani imefunikwa kitambaa alichodarizi mwenyewe. Hilo lilikwenda vizuri. Lisilokwenda vizuri ni hili lingine, na ndilo linalonifanya niandike kwa kalamu ya kukandamiza hivi.

Mama alikaa stoo ya mashuka mwaka mzima na miezi. Mikono ile, iliyojua kumwosha mtu bila kumvua, ilikunja mashuka. Na Sista Perusi alipostaafu, walimfanyia sherehe kwenye bustani ya hospitali. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilienda kusaidia kupanga viti. Walisimama watu wa tai, mmoja baada ya mwingine, wakamwita mama wa huruma. Mama wa huruma! Wakampa saa ya ukutani na keki. Vitambaa vya meza, vyeupe, vimenyooka bila hata mkunjo, Mama yangu ndiye aliyevipiga pasi kule stoo. Hakualikwa mezani. Nilimtafuta nikamkuta nyuma anahesabu vitambaa vya kurudishwa, nikamwuliza, huoni uchungu? Akasema, "Sista alikuwa na vitanda arobaini. Usimchukie sana." Hata hasira yangu anataka kuiosha na kuifunika.

Siku hizi nasikia watu kwenye foleni, kanisani, popote, wanasema wauguzi hawana huruma, uuguzi ni wito, mtu awe na moyo. Wanasema kwa sauti ya utamu. Mimi nakaa kimya nyuma yao, nauma meno. Hakuna anayeuliza wauguzi wako wangapi. Hakuna anayeuliza kwa nini mgonjwa aje na shuka lake. Wanataka tabasamu. Mama yangu hakuwa na tabasamu la kuwagawia, alikuwa na dakika mbili kwa kila kitanda, na ndani ya hizo dakika mbili alikuwa anatafuta wekundu wa ukubwa wa kizibo.

Na nilichokielewa nikiwa mkubwa kuhusu lile jicho la benchini ni kwamba hakuwa ananitoa mimi ili ampe mgeni. Nilidhani hivyo miaka mingi. Alikuwa ametazama kila alichokuwa nacho mchana ule, mikono yake miwili iliyokwisha kugawanywa kwa watu arobaini, na akaona kitu kimoja tu alichokiamini kabisa kwamba kinaweza kufanya kazi yake asipokuwepo. Hakuniambia hivyo. Hajaniambia mpaka leo. Angesema, pengine nisingelisema lile neno. Lakini nililisema, na usiku ukapita, na kulikuwa na kesho yake.

Kesho yake niliondoka nyumbani kabla Mama hajaamka. Nilikwenda kwa miguu, njia ya reli, umande unanilowesha mpaka magotini. Wodini walikuwa wanagawa dawa za asubuhi. Habuba alikuwa macho, anaitazama ile kamba. Sikuthubutu kwenda kwake kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Sista, nikasimama.

"Nini?" akasema.

Sauti ikaenda kujificha. Nikaivuta. Nikaivuta tena, na ilipotoka ilitoka yote kwa pamoja, bila salamu, bila adabu.

"Anaitwa Halima Rajabu. Sikio la kushoto halisikii, ukimwita simama kulia. Vitunguu vibichi hali. Akiwa na haja ndogo hasemi, anashika pindo la kanga. Mgongoni ana wekundu, jana ulikuwa kama kizibo cha soda, tangu jana mchana hakuna aliyeusugua. Usipofungua kamba, mimi nitakuwepo. Shule ikifunguliwa nitakuja asubuhi kabla ya darasa na jioni."

"Na mchana?" Sista akauliza.

Nilikuwa sijafikiria mchana.

"Muchana ni mimi, kama usiku," Nalongo akasema kutoka kitanda cha kumi, mdomo umejaa mhogo. "Eh, Sista, kwani ni kazi? Nageuka tu hivi, niko kwake."

Sista akanigeukia. "Mama yako nakutuma?"

"Hajui kama nimetoka."

Alikivuta kitabu. Kitanda cha tisa kilikuwa kimepigwa mstari mwekundu juu ya jina langu. Nilidhani ataandika. Badala yake alikigeuza upande wangu, akaweka kalamu juu yake, akasogeza kiti chake nyuma. Hakutaka mkono wake uwemo.

"Andika wewe."

Nikaandika chini ya mstari mwekundu: Nekesa. Umri: kumi na mmoja. Nilipofika kwenye uhusiano nikasimama, kisha nikapaacha wazi, kwa sababu sikutaka kudanganya tena na sikutaka kumpa jibu.

"Hapa?" akasema, akaweka kidole.

"Hapo hakuna kitu, Sista."

Nikafunga kitabu, nikachukua beseni chini ya kitanda cha tisa bila kumwangalia Habuba usoni, nikaenda uani kupanga foleni ya maji. Kulikuwa na watu saba mbele yangu.